WhatsApp au Telegram: chama cha wenye boti wa Ziwa Kivu kichague kipi?

Kiangazi kilichopita, mwezi wa saba, upepo wa kusini ulipokuwa ukilisukuma ziwa kuelekea Goma, mwenzetu mmoja anayekaa kisiwa cha Idjwi alituma onyo kwenye kikundi cha chama saa kumi na moja na nusu alfajiri: mawimbi ni makubwa, boti ndogo zisitoke kabla ya saa tatu. Saa moja ilipofika, onyo hilo lilikuwa limezikwa chini ya rambirambi, picha ya friji inayouzwa Himbi, sala ya asubuhi iliyopambwa kwa maua, na sauti tatu za dakika nne nne za watu waliokuwa wakibishana juu ya bei ya mafuta. Mwenye boti mmoja aliamka, akakuta ujumbe zaidi ya themanini ambao hajausoma, akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: akasoma ule wa mwisho, akawasha mota, akaenda. Alirudi mzima, lakini mifuko sita ya makaa ya mteja wake ilibaki ziwani.

Kwa kuwa mimi ndiye katibu, lawama ziliniangukia mimi. Kundi moja la wanachama likataka tuhamie Telegram mara moja. Wazee wakasema kwamba tukihama wao hawatatufuata. Kijana mmoja akapendekeza Facebook. Nimezitumia zote tatu kwa ajili ya chama, nikazipima kwa kazi tunazozifanya kweli, na ninaandika ulinganisho huu kwa sababu najua vyama vingine vya ziwani, kutoka Kituku na Minova hadi Kalehe na Bukavu, vina ugomvi huohuo. Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji asiyatafute. Onyo la upepo hufa baada ya saa tatu, ilhali jibu zuri kuhusu propela litahitajika tena mwaka ujao. Tumekuwa tukivitia vitu hivi viwili katika mfuko mmoja, na kila programu ina mzigo inaoujua kuubeba.

Nani anafikiwa

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na hapa WhatsApp inashinda bila kutoka jasho. Karibu kila mwenye boti ninayemfahamu anayo tayari: anaitumia kuzungumza na mke wake, na wateja wa soko la Kituku, na mtu anayemletea mafuta kwa bidoni. Hahitaji kufundishwa. Anaponunua mega kidogo za intaneti, WhatsApp ndiyo anayoifungua kwanza, na mara nyingi ndiyo pekee atakayoifungua. Telegram inapaswa kupakuliwa, kuwekewa namba, kueleweka, kisha kukumbukwa. Tulipofanya jaribio, wanachama waliingia Telegram kwa furaha siku ya Jumapili, na kufikia Jumatano wengi wao walikuwa wameisahau. Kikundi cha maonyo ambacho nusu ya watu hawakifungui ni hatari kuliko kutokuwa na kikundi, kwa sababu aliyetuma onyo hudhani kwamba amesikika.

Ukubwa wa kikundi usimsumbue mtu. WhatsApp hupokea watu 1,024 katika kikundi kimoja, Telegram watu 200,000. Wenye boti wa Goma tukijumlishwa na makapiteni wetu wote hatutaujaza hata ule mdogo.

Jambo moja huwa halisemwi na wale wanaoisifu Telegram: kwa kawaida mambo yake hukaa kwenye seva za kampuni, si ndani ya simu yako. Hiyo ni faida kubwa, kama nitakavyoeleza, lakini faili ambayo hukuifungua ulipokuwa mjini hutaifungua ukiwa katikati ya ziwa mahali pasipo na mtandao. Picha au karatasi iliyopakuliwa kupitia WhatsApp hukaa kwenye simu yenyewe, nawe unaweza kuisoma hata ukiwa umeegeshwa nyuma ya kisiwa. Ubaya wake ni kwamba simu hujaa. Simu ya bei ndogo ikibeba kikundi kimoja chenye kelele kwa miezi sita huanza kukataa hata kupiga picha, na mwenyewe hufuta kila kitu kwa mkupuo mmoja, maarifa pamoja na maua ya sala. Telegram hukuruhusu kusafisha simu huku vitu vyenyewe vikibaki kwenye seva.

Kumbukumbu ya chama

Hapa ndipo mizani inapogeuka, na nitakaa kidogo, kwa kuwa hasara tunayoipata upande huu haionekani kama mifuko ya makaa inavyoonekana ikielea.

Chukua swali ambalo nimelisikia mara nyingi mno: «Mota yangu ya farasi 40 ni mpya, mbona haina nguvu?» Jibu lake linajulikana. Uso wa Ziwa Kivu uko takriban mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na mota ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo kwetu hupotea karibu asilimia 15, na farasi 40 wa kwenye karatasi huwa kama 34 majini. Ukiiachia propela iliyokuja nayo kutoka dukani, ambayo wengi wetu tunaiita helisi, mota hushindwa kufikia mizunguko iliyotengenezewa, huchoka na hula mafuta. Dawa ni propela yenye hatua fupi zaidi, yaani ile ambayo ingesonga mbele umbali mdogo zaidi kwa kila mzunguko: ukishuka inchi moja ya hatua, mota hupanda takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Mota zenye kabureta nazo huenda zikahitaji tundu dogo zaidi la kupitishia petroli, na dalili ni buji zinazotoka nyeusi zenye masizi.

Fundi mmoja wa chama chetu alilieleza jambo hili vizuri sana, pamoja na picha za propela mbili zikiwa juu ya gunia, ya zamani yenye hatua ya inchi 13 na mpya yenye hatua ya inchi 11, na kidole chake kikionyesha namba zilizochongwa kwenye kitovu. Aliliweka kwenye kikundi cha WhatsApp. Miezi miwili baadaye mwanachama mpya aliuliza swali lilelile, na fundi, ambaye alikuwa amebadilisha simu, hakuwa nalo tena. Katika WhatsApp anayeingia leo haoni yaliyosemwa kabla hajaingia, isipokuwa mtu ajitolee kumtumia. Na kutafuta neno hutafuta tu yale ambayo simu yako yenyewe imeyahifadhi. Ujumbe unaobandikwa juu ya kikundi hukaa siku 30 kwa muda mrefu zaidi, kisha hubanduka, na haiwezekani kubandika zaidi ya mitatu kwa wakati mmoja.

Telegram inafanya kinyume chake. Msimamizi akiruhusu, anayejiunga leo anaweza kupanda juu na kusoma tangu siku ya kwanza. Ukibadilisha simu unaweka namba yako na kila kitu kinarudi. Ukiandika «propela» kwenye sehemu ya kutafutia, majibu yote ya miaka hujipanga. Kikundi kinaweza pia kugawanywa katika mada, kila moja na mlango wake: mota, mbao na rangi, vipuri, bei. Asiyependa bei hunyamazisha mlango huo peke yake. Swali la mchanganyiko wa mafuta kwa mota za mipigo miwili, ambalo kwetu huulizwa kila wiki, limepata makao katika mada ya mota, na jibu linakaa palepale: kwa mota nyingi za kisasa ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 za oili katika bidoni ya lita 20, na kwa mota mpya inayoanza kazi fuata kitabu chake kwa sababu huhitaji oili zaidi.

Niongeze jambo kuhusu zile sauti za dakika nne. Katika ziwa letu watu huzungumza Kiswahili, Kihavu, Mashi, Kinyarwanda na Kifaransa, na mwenye boti hodari anaweza kuwa hajazoea kuandika, kwa hiyo siwezi kuunga mkono wale wanaotaka sauti zipigwe marufuku kabisa. Lakini sauti haitafutiki kwa neno. Telegram huruhusu msimamizi kuzuia sauti au vibandiko peke yake, au kuweka mwendo wa polepole ambao humlazimisha mtu asubiri, hata saa nzima, kabla ya kutuma tena. Tumeweka dakika tano kwa kikundi chote, na ubishi wa bei umepungua kwa namna ambayo hotuba zangu zote hazikuwahi kuipunguza. WhatsApp haina kisu chembamba namna hiyo: unawaachia wote waandike, au unawafungia wote isipokuwa wasimamizi, au unafuta ujumbe mmoja mmoja baada ya kosa.

Boti iko wapi, na nani yumo ndani

Kuonyesha mahali ulipo wakati unasafiri kunapatikana katika programu zote mbili, kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Saa nane zinatosha safari ya boti ya mzigo kutoka Goma hadi kusini mwa Idjwi. Nimeona faida yake mara moja kwa macho yangu, mota ilipozimika na mwenzetu akafuatwa moja kwa moja badala ya kutafutwa. Lakini doa lile la buluu kwenye ramani husogea tu pale ambapo simu ina mtandao. Linaposimama, huwezi kujua kama ni boti iliyosimama au ni mnara uliokosekana. Tena, ukisogea upande wa mashariki simu huweza kushika mtandao wa Rwanda, na kifurushi ulichonunua Goma hakifanyi kazi huko. Makapiteni wetu tumewafundisha kuchagua mtandao kwa mkono kabla ya kung'oa nanga.

Orodha ya abiria ni suala jingine, na ni zito. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni, na hata idadi ya waliokuwamo haikujulikana mara moja. Baada ya hapo chama chetu kilikubaliana kwamba kila boti inayobeba abiria ipige picha ya orodha kabla ya kutoka na kuituma mahali ambapo watu wawili walioko nchi kavu wataiona. Kwa kazi hii nachagua WhatsApp bila kusita. Mazungumzo yake, ya vikundi pia, yamefungwa kwa namna ambayo anayetuma na anayepokea pekee ndio wanaoweza kuyasoma. Vikundi vya Telegram havifungwi hivyo, na majina ya watu wanaosafiri kati ya Goma na Kivu Kusini katika nyakati hizi si ya kuachwa popote. Tumetengeneza kikundi kidogo cha orodha tu, chenye makapiteni na watu wawili wa nchi kavu, na ujumbe wake umewekewa kujifuta baada ya siku saba.

Kuhusu namba za simu, Telegram ni nzuri zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kuificha yake. Katika kikundi cha kawaida cha WhatsApp kila mmoja anaiona namba ya kila mmoja, na hilo limetugharimu. Mwanachama wetu alipigiwa na mtu aliyejifanya wakala wa kampuni ya simu, akampa ile namba ya siri ya tarakimu sita iliyokuwa imeingia kwenye simu yake, na baada ya nusu saa akaunti yake ilikuwa ikiwaomba wanachama wote michango ya msiba ambao haukuwapo. Wawili walituma dola kwa simu. Kinga ni kuweka nywila ya hatua ya pili, ambayo ipo katika programu zote mbili, na kuafikiana kwamba hakuna mchango wala likelemba (mchango wa mzunguko) inayolipwa kwa ombi la maandishi mpaka mweka hazina apigiwe na sauti yake isikike.

Facebook na ujumbe mfupi

Facebook nitaipitia haraka. Ni soko zuri la kuuza boti, kwa sababu picha huonekana na watu wengi wasio wanachama, wakiwamo walioko Bukavu na Gisenyi. Kwa onyo haifai hata kidogo: yenyewe ndiyo huamua nani aone nini na lini, na habari ya alfajiri unaweza kuipata jioni ukiwa tayari umelowa.

Ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa simu ya kitochi, vijana wa chama waliucheka nilipoutaja. Hata hivyo nahodha aliye usukani mara nyingi ndiye mwenye simu ndogo, kwani mwenye boti hubaki nayo ile kubwa nyumbani. Hauhitaji mega, unapita hata mtandao ukiwa dhaifu, na unasubiri simu iliyozimwa iwashwe. Hauna picha, una gharama kwa kila anayetumiwa, na kuutuma kwa watu arobaini huchosha kidole. Tumeubakiza kwa jambo moja tu, onyo la hali ya hewa, na hutumwa kwa makapiteni walioko safarini au wanaotoka siku hiyo, si kwa chama kizima.

Nani achague nini

Chama chenye watu chini ya thelathini, wote wakiwa wa ufuko mmoja, kibaki WhatsApp, kisijisumbue. Watu wanakutana kila siku kwenye gati, na jibu la propela linaweza kutolewa kwa mdomo. Wanachohitaji ni vikundi viwili tu: kimoja cha kuzungumza na kingine ambacho wasimamizi peke yao huandika.

Chama kilichotawanyika, kama chetu, chenye wanachama wa Goma, Minova, Idjwi na Bukavu wasiokutana, kinahitaji zote mbili, lakini kwa mpangilio. Upande wa WhatsApp tumia Jumuiya, ambayo kwenye simu zilizowekwa Kifaransa huandikwa Communauté. Ilianza kupatikana mwaka 2022, na hukusanya vikundi kadhaa chini ya paa moja lenye kikundi cha matangazo ambamo wasimamizi peke yao huweza kutangaza. Humo weka maonyo, mikutano na vifo, basi. Friji na sala zipewe kikundi chao, na asiyezitaka ajitoe bila kuaga chama. Upande wa Telegram weka maktaba: mada tano au sita, si zaidi, na mtu mmoja mwenye subira ambaye kila Jumamosi huhamisha huko jibu lolote zuri lililotokea WhatsApp wiki hiyo. Bila mtu huyo Telegram yenu itakuwa ghala tupu. Kwetu ni binti wa fundi, anayesoma chuo, na chama humlipia mega.

Ninyi ambao wanachama wenu wengi ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaofanya kazi usiku kwa taa na kulala mchana, fikirieni pia saa. Onyo la saa kumi na mbili jioni, kabla mitumbwi mitatu iliyounganishwa haijasukumwa, lina thamani kuliko la alfajiri. Wekeni msimamizi wa jioni aliye kusini, ambako upepo wa kiangazi hufika kwanza.

Kabla ya kuhama popote, amueni ufunguo uko kwa nani. Katika WhatsApp msimamizi wa mwisho akijitoa kwenye kikundi, programu humteua mtu yeyote kuwa msimamizi mpya. Kwetu iliwahi kumwangukia mzee ambaye hakujua kwamba amepewa cheo, na kwa wiki tatu hakuna aliyeweza kuingizwa. Katika Telegram umiliki huhamishwa kwa hiari, lakini aliye nao lazima awe ameweka nywila ya hatua ya pili kabla ya kuukabidhi. Namba iliyofungua vikundi isiwe ya mtu binafsi. Tulinunua laini ya chama, ikasajiliwa kwa jina la mweka hazina, ikawekwa kwenye simu inayokaa ofisini kwa mwenyekiti, na huwekewa uniti kila mwezi ili isifungwe. Wasimamizi tumewaweka watatu: mmoja Goma, mmoja Minova, na yule wa Idjwi aliyetuma onyo la alfajiri. Sasa anapoandika kwamba boti ndogo zisitoke, hakuna friji wala sala inayoweza kulizika onyo lake.